Kibindo, mfuko wa shingoni au kibegi cha kiunoni: ununue kipi kabla ya kutembea hadi Namugongo

Ikifika Aprili, vikundi vya hapa Dodoma vinavyokwenda hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo vinaanza kuulizana kuhusu viatu, blanketi na nauli ya basi hadi Bukoba. Suala la pesa zitakaa wapi mwilini linaachwa mpaka usiku wa kuamkia safari, mtu anachukua pochi yake ya kila siku na kuondoka. Hapo ndipo ninapotaka kumzuia. Kutoka mpaka wa Mutukula, kupitia Kyotera na Masaka hadi Namugongo nje kidogo ya Kampala, ni zaidi ya kilomita 200 kwa miguu. Unalala kwenye madarasa na kumbi za parokia, unaoga kwa zamu, na tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao, unaingia kwenye umati ambao hata kugeuka ni kazi. Kinachofaa kwa kwenda sokoni Majengo hakifai huko.

Jambo moja liwe wazi kabla ya kununua chochote: usibebe pesa zote mahali pamoja. Kuna pesa ya siku, ile ya chai, maji na chapati ya mayai wanayoiita rolex, na kuna pesa ya safari. Mfuko wenye pesa ya safari haufunguliwi barabarani wala mbele ya muuzaji. Ukihitaji kujaza pesa ya siku, ingia chooni asubuhi kabla ya kuanza kutembea, toa, funga, basi.

Pima pia kitakachoingia. Hati ya kusafiria ina milimita 125 kwa 88, kadi ya benki ni ndogo zaidi, kwa hiyo mfuko wa sentimita 15 kwa 11 unatosha. Noti ndizo zinazojaza. Kubwa yetu ni 10,000, kwa hiyo laki tano ni noti 50, na zikikunjwa zinatengeneza nundu inayoonekana hata chini ya shati. Uganda wana noti ya 50,000, na shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu. Laki tano hizo zikibadilishwa zinabaki noti kumi na kitu. Badilisha mpakani, kwenye duka lenye kibao na risiti, siyo kwa kijana anayekufuata na kikokotoo. Lakini omba na ndogo ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000, maana mama wa ndizi pale Kyotera hana chenji ya 50,000.

Sasa vifaa, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Cha kwanza ni kibindo cha kushonwa na fundi. Sioni cha dukani kinachokifikia. Mpe fundi cherehani kipande cha pamba laini kwa upande unaogusa ngozi, na kwa ndani aweke kitambaa cha mwavuli. Mwavuli mbovu mmoja unatosha vibindo kadhaa. Watu wengi wa Dodoma hawafikirii maji, kwa sababu Mei huku ni vumbi na upepo, lakini upande wa Masaka Mei bado ni msimu wa mvua, na hata isiponyesha, jasho la tumboni linalowesha noti mpaka zinagandana. Mwambie fundi agawe vyumba viwili, kimoja cha hati na kadi, kingine cha noti, na mdomo uwe upande wa mwili. Zipu iwe ya plastiki. Ya chuma inashika kutu kwa chumvi ya jasho. Mkanda wake uwe wa kitambaa, upana wa vidole viwili, wenye lastiki fupi nyuma ili upumue ukikaa. Wembamba kama kamba ya kiatu utakukata kiunoni siku ya pili. Kinavaliwa chini ya suruali au sketi, mbele, chini kidogo ya kitovu. Kina mama mnaotembea na kanga, tafadhali, pindo la kanga na sidiria viachieni pesa ya siku. Fundo la kanga hulegea ukitembea, na huwezi kulikagua kila mara mbele za watu.

Cha pili ni mkanda wa pesa wa dukani, ule mwembamba bapa wa kuvaa ndani. Mara nyingine unapatikana kwenye mitumba ya Sabasaba ukiwa bado mzima. Kagua mambo mawili tu. Fungua na kufunga zipu mara nyingi palepale mezani, na muuzaji akikasirika, hamia meza nyingine. Kisha vuta kifungo cha plastiki kwa nguvu. Kikiachia mkononi mwako, kitaachia barabarani. Kasoro yake ni nailoni: inachemka na kuleta vipele. Ukiuvaa juu ya fulana ya ndani, tatizo linapungua.

Mfuko wa shingoni nauweka wa tatu, japo kuna saa moja ambayo unaushinda wa kwanza: saa ya kuoga. Ukivua kibindo bafuni unakitundika ukutani, na ukutani ndipo vitu vinapoachwa au kuchukuliwa. Wa shingoni unaweza kubaki nao, ukiwa umefungwa ndani ya nailoni. Mchana ni hadithi nyingine. Kamba yake inaonekana kwenye ukosi, na ukiinama kunywa maji unaning'inia nje. Wenye kibindo wakubaliane na mwenzao mmoja: mmoja anaoga, mwingine anashika, kisha wanabadilishana.

Mkanda wa suruali wenye zipu ya siri ndani ni mzuri kwa noti mbili tatu za dharura zilizokunjwa kwa urefu. Hauingii kadi wala hati. Ununue kama nyongeza.

Kibegi cha kiunoni cha nje kinapendwa sana na vijana, na kwa pesa ya siku, simu na dawa kinafaa, mradi kikae mbele. Pale Kayabwe kwenye alama ya ikweta, ambapo kila mtu anasimama kupiga picha, na ndani ya umati wa Namugongo, kitoe kiunoni ukivae kifuani, mkono juu yake. Wembe unakata mkanda wake bila wewe kusikia.

Waleti za kuzuia kadi isisomwe kwa mawimbi usizilipie ziada. Kadi za kugusisha husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, na kibaka wa njiani anataka noti.

Kuhusu kadi zenyewe, beba mbili za benki tofauti kama unazo, moja kwenye kibindo na nyingine kwa mwenzako unayemwamini kabisa. Iarifu benki kwamba unakwenda Uganda, na uandike namba yake inayoanza na +255, kwani zile za bure mara nyingi hazipatikani ukiwa nje. Simu usiifanye hazina yako pekee. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ukiibiwa Masaka, kuirudisha ni mpaka ufike nyumbani, na pesa iliyomo itakungoja huko. Muulize wakala wako kabla ya kuondoka kama mtandao wako unatuma pesa Uganda na kwa makato gani.

Kama umeamua kibindo, kipeleke kwa fundi mapema, kabla ya Pasaka na Idi, maana sikukuu zikikaribia meza yake inajaa magauni na kazi ndogo kama hii inasukumwa chini. Kikishakuwa tayari kivae nyumbani siku nzima, ukiwa na karatasi badala ya noti, upande nacho mlima au utembee hadi Nzuguni na kurudi, ili kama kinakwaruza arekebishe mshono kungali na muda.