Nimekaa na ramani za bure za ukame miezi kadhaa, nyota zangu hizi hapa

Wadau, watu wameniuliza sana hizi tovuti za kufuatilia maji na ukame ipi nzuri, naona niandike mara moja nisiwe narudia rudia. Mimi sio mtu wa hali ya hewa, nasaidia kusimamia kisima cha watu wengi, kwahiyo naziangalia kama mtumiaji tu ambae anataka kujua maji yatafika msimu ujao au hayafiki. Kila nikifungua ramani ikaniambia hapa ni pakavu kuliko kawaida nauliza maswali mawili: maji yapi, na kawaida ya lini? Utashangaa ni ngapi zinakujibu.

Naanza na US Drought Monitor. Najua inahusu Marekani tu, lakini ukitaka kujua huduma ya taifa inatakiwa ifananeje anzia hapo. Ipo tangu 1999, data inafungwa Jumanne asubuhi na ramani inatoka Alhamisi, kila wiki bila kukosa. Madaraja matano, kutoka D0 ya njano (pamekauka kidogo, bado haijaitwa ukame) mpaka D4 nyekundu iliyoiva. Nilichokipenda haichorwi na kompyuta peke yake, kuna mtu. Wanapokezana zamu, mwenye zamu anakusanya mvua, unyevu wa udongo, mito, theluji, mabwawa, alafu mamia ya watu walioko huko chini wanamtumia taarifa na kumbishia, hapana bwana huku malisho yameisha ramani yako bado ya njano. Na ubishi wenyewe una hela ndani, maana kuna msaada wa wafugaji unaotoka kulingana na rangi ya kaunti. Ukiweka hela kwenye ramani ndo utajua kama watu wanaisoma.

Shida yangu nayo ni ile D4. Maana yake hali ambayo ungeitegemea kama mara 2 tu katika 100. Sasa sehemu ikikaa kwenye rangi hiyo misimu na misimu, inabidi ujiulize ile 100 ya kulinganishia ni ya dunia ipi, maana hii yetu inazidi kuwa ya joto. Na sio swali la darasani hili. Mto Colorado, huko huko Marekani, majimbo yaligawana maji yake kwa makubaliano ya 1922, baada ya miaka ambayo mvua na theluji zilikua nyingi kupita kiasi, wakaandika kwenye karatasi maji ambayo mto hauna, na karne nzima wanadaiana hayo. Kufika Julai 2022 Lake Mead, bwawa kubwa la mto huo, ilikua imebaki na karibu 27% tu, haijawahi kushuka hivyo tangu ilipokua inajazwa miaka ya 1930. Kumbe waliikosea kawaida tangu mwanzo. Nyota 4.

Sasa GRACE, hapa mnivumilie nitaongea sana maana hii kitu inanifurahisha kuliko zote. Ni satelaiti mbili zinafuatana angani, moja mbele moja nyuma, katikati yao kama kilomita 220. Hazipigi picha. Zinapimana umbali tu. Ya mbele ikikaribia sehemu yenye uzito mkubwa chini inavutwa kidogo, inajitenga na mwenzie, na huo utofauti mdogo kuliko unene wa unywele unapimwa. Maji ni mazito, kwahiyo nchi ikipoteza maji inapungua uzito na zile mbili angani zinaligundua hilo. Yani wanaipima ardhi kwa mizani! Ya kwanza ilirushwa 2002 ikaisha 2017, wakarusha nyingine, GRACE-FO, Mei 2018. Hapo katikati kuna pengo la karibu mwaka mzima, ukichora mstari wako usishangae kukuta shimo.

Faida yake kubwa ni maji ya chini ya ardhi, ambayo hakuna kamera inayoyaona. Mfano ninaowapaga watu ni kaskazini magharibi mwa India, Punjab, Haryana na Rajasthan. Kati ya 2002 na 2008 watafiti walitumia GRACE wakakuta zimepotea kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini, na katika kipindi hicho hicho mvua haikua mbaya, ilikua karibu na wastani. Soma tena hapo. Mtu mwenye ramani ya mvua peke yake angekwambia hali shwari, huku pampu za umwagiliaji zinanyonya chini usiku na mchana. Ndo maana nauliza maji yapi.

Lakini usije ukaiuliza GRACE kuhusu bwawa moja. Jicho lake ni la kilomita mia kadhaa, inaona bonde zima la mto, wilaya haioni. Na inakupa jumla, udongo, theluji, ziwa, chini ya ardhi vyote kapu moja, kuvitenganisha mpaka utumie modeli (hesabu za kompyuta), na modeli ina makosa yake. Nyota 4 na nusu, nusu nimeikata kwa sababu mtu wa kawaida akifungua data zenyewe hatoki hai, bora atafute ramani zilizokwisha kupikwa.

Ya kila siku kwangu ni Global Surface Water Explorer, tovuti ya ramani ya maji ya juu ya ardhi. Watafiti walichukua picha zaidi ya milioni 3 za satelaiti za Landsat za Marekani kuanzia 1984, kila kipande cha mita 30 kwa 30 wakakiuliza, hapa kuna maji au hakuna, mwezi kwa mwezi. Unafungua, unavuta karibu, bluu iliyokolea ni maji ya kudumu, ikielekea pinki ni maji yanayokuja na kuondoka. Kuna tabaka jingine la mabadiliko, nyekundu kilichopotea, kijani kilichoongezeka. Nenda pale Bahari ya Aral, lile ziwa la Asia ya Kati lililokauka, uone wekundu ule, utanyamaza kidogo. Toleo la kwanza lililoishia 2015 lilikuta karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zimepotea duniani na 184,000 zimetokea kwingine, na wengi wakisikia hivyo wanafurahi eti maji yameongezeka, kumbe sehemu kubwa ya hayo mapya ni mabwawa tuliyoyajenga. Maji yaliyozuiwa mahali sio maji yaliyozaliwa. Pia inakupa eneo tu, kina haijui, bwawa linaweza kushuka mita kadhaa na kwenye ramani likabaki pana vile vile kama kingo zake zimesimama wima. Na mawingu yanaisumbua, wakati wa mvua, yani wakati unaoihitaji, inafumba macho. Na inakula bando. Nyota 4.

SPI nayo naiweka hapa ingawa sio tovuti ni kipimo cha mvua imepita au imepungua kiasi gani kwenye kawaida (0 ndo kawaida), ila utakikuta kwenye tovuti karibu zote. Cha tangu 1993, kinataka mvua tu, na hapo ndo uzuri na ubaya wake. Ukiwa na miaka 30 ya mvua unakokotoa mwenyewe, ukishuka chini ya -1 ukame umeanza, -2 kaa chonjo. Angalia unasoma ya miezi mingapi, ya miezi 3 inaongea na shamba, ya 12 inaongea na bwawa, nimeona watu wanagombana kumbe mmoja ana ya 3 mwingine ana ya 12. Joto hakilijui kabisa. Mvua ile ile ikinyesha kwenye mwaka wa joto zaidi inakauka haraka, na SPI itakwambia mambo kawaida. Kwa hilo tumia SPEI ya 2010, kipimo cha aina hiyo hiyo, inahesabu na kinachopotea hewani. SPI nyota 3, SPEI 4.

SMAP ni satelaiti inayopima unyevu wa udongo sentimita 5 za juu, radar yake ilikufa 2015 miezi michache tu baada ya kurushwa, inaendelea na kifaa kilichobaki, nzuri kwa wenye mbegu mkononi. Nyota 3. SWOT, satelaiti iliyorushwa Desemba 2022, inapima kimo cha maji mitoni na maziwani, ila mto uwe mpana kama mita 100, mito yetu midogo haipo kwake. Siipi nyota bado, rekodi yake fupi mno.

Kitu kimoja kinachonikera kwa hizi zote, zinahitaji mtu chini wa kuzisahihisha, na vituo vya kupima mito vimekua vikifungwa nchi nyingi kwa sababu eti satelaiti zipo. Sisi kisimani tuna kamba yenye fundo kila mita na daftari. Tunapima kila Jumatatu asubuhi kabla pampu haijawashwa, tarehe, fundo la ngapi, jina la aliyepima. Daftari la kwanza limejaa, tumeanza la pili.