Msitu wa Kakamega upande wa Isecheno: je, nauli yako kutoka Kisumu itarudi?

Hamjambo, watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala jiko la gesi. Leo nachambua msitu. Ndiyo, msitu, usiniangalie hivyo.

Tangu ile video ya hifadhi ya Impala hapa Kisumu, swali limekuwa lile lile: "Kaka, swara tumewaona, simba wa kizimbani tumewaona, sasa tukitaka miti yenyewe twende wapi?" Maana mji wetu huu mnaujua. Kondele ina honi, Kibuye ina vipaza sauti, na ukipata kivuli ujue kuna mtu anauza mitumba chini yake. Basi nimepanda matatu nikaenda kuwajibia. Hizi soksi mnaziona? Hayo matope si ya Kisumu.

Kwanza njia, kwa sababu hapo ndipo watu hupotezea pesa. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, lakini usifike Kakamega mjini. Mwambie makanga akushushe Khayega. Mimi mara ya kwanza nilipitiliza hadi mjini, nikalipa tena kurudi nyuma, huku nikijifanya nilikuwa na shughuli benki. Pale Khayega chukua boda, pitia Shinyalu, mpaka Isecheno. Patana bei kabla hujakalia kiti. Na kama mvua imenyesha usiku, kalia kiti hicho kwa imani.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana nilikwenda huko nikakataa mwongozaji. (Semeni "mwongozaji", tafadhali. Shangazi yangu alisimulia kanisani kwamba alitembea msituni na "gaidi" mzuri sana, watu wakaanza kutazamana.) Niliona nitaokoa hela: njia zipo, miguu ninayo, macho ninayo. Nikatembea saa mbili. Nikaona kijani, kisha kijani kingine, kisha kima mmoja akaniona mimi. Nikarudi nikawaambia jamaa zangu kuwa ni miti tu.

Mwezi uliopita nikarudi, nikalipia mwongozaji. Nikapewa mama mmoja makamo ya mama yangu mzazi, gambuti miguuni, mwavuli kwapani. Nikamsalimu kwa Kiluhya, "Mulembe, mama," akacheka. "Mulembe, mwanangu. Wewe ni mtu wa ziwani. Umevaa viatu vya kwenda kula samaki."

Hatujapiga hatua hamsini, akainama kando ya njia akashika mmea unaotambaa. Majani mapana, umbo la moyo. Akanionyesha pale vikonyo vya majani mawili vinapokutana kwenye shina: pana kitu kama malinda ya gauni, kimekunjwakunjwa. Tazameni, hii hapa, nimewavutia picha karibu. Akaniuliza, "Unaujua?" Nikasema siujui. Akacheka mpaka akaegemea mwavuli. "Huu ndio mukombero."

Jamani! Mimi mukombero nimetafuna miaka kumi. Ule mzizi unaouzwa steji kwa vifungu, utamu wake mkali unaobaki mdomoni, na wauzaji wanaokukonyezea jicho wakikuambia mama watoto atafurahi. Miaka kumi, na siku moja sijawahi kuliona jani lake. Nilidhani ni kichaka. Kumbe ni mtambazi unaopanda juu ya miti mingine. Na mama akanieleza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kinachouzwa ni mzizi, na mzizi haupatikani bila kuufukua mmea. Ndiyo maana porini umekuwa adimu, na walio na akili wameanza kuupanda shambani.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimenyimwa mwaka jana. Nilijinyima mwenyewe.

Tukaendelea. Akanisimamisha kwa mwiritsa, mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Ponda jani lake unuse: harufu ya lozi. Gamba lake kwa miaka mingi limekuwa likienda Ulaya kutengenezewa dawa za wazee wenye shida ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba, kwa sababu watu walikuwa wanaumenya. Mti ukiubandua gamba kipande kipande unaweza kupona. Ukiuzungushia kama unavyomenya muwa, chakula kinachotoka majanini hakifiki tena mizizini, na mti unakufa ukiwa umesimama. Makovu yapo, nimeyagusa.

Halafu kuna mutere. Upo mmoja mkongwe wenyeji wanauita Mama Mutere, na gamba lake limechanjwa na vizazi vya watu waliokuja kutafuta dawa. Hapa Kakamega mutere anaheshimiwa kama nyanya wa boma. Sasa ngojeni niwape kichekesho. Mti huu huu ulipelekwa Amani, kule milima ya Usambara nchini Tanzania, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Watanzania wanauita mhesi. Hondohondo wakala matunda, wakatawanya mbegu, na mhesi ukaingia msitu wa wenyewe ukawa kero inayosumbua miti ya asili. Kwao ni mvamizi, kwetu ni mama. Mti haukubadilika hata kidogo.

Kitu cha thamani kuliko vyote, kwangu mimi, ni mugumo ulio mtupu ndani. Nimeutengea dakika nzima kwenye video hii, na sitaomba radhi. Mbegu ya mugumo huangushwa na ndege au kima juu kabisa kwenye tawi la mti mwingine. Inaota huko huko juu, inateremsha mizizi kama kamba, mizizi inafika ardhini, inanenepa, inaungana, inamkumbatia mwenyeji wake mpaka anakosa pumzi. Mwenyeji anakufa, anaoza, anaisha. Mugumo unabaki umesimama na shimo katikati, umbo la mti ambao haupo tena. Mama akaniambia, "Ingia." Nikaingia. Mabega yanagusa pande zote mbili, ubaridi kama ndani ya mtungi wa maji, na ukitazama juu unaona mwanga ukipenya kwenye matundu kama kwenye kapu lililoinuliwa. Kamera yangu ilishindwa hapo. Mtaona kiza na pua yangu. Samahani.

Nilipotoka humo nikakanyaga siafu.

Sitawasimulia yote. Jua tu kwamba siafu hawaumi wanapopanda. Wanapanda kwanza, kwa adabu, mpaka juu ya goti, ndipo wanaanza. Mama akageuka akatazama upande mwingine, "Vua tu, mwanangu, sikuangalii." Kwa hiyo ushauri wa gambuti si wa kunipendeza mimi: ingiza suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya gambuti.

Msitu wenyewe, kwa wale wanaopenda hesabu, ni takriban kilomita mraba 240, na ndio kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu ya mvua inayotokea Kongo. Ndiyo sababu utakuta hapa ndege ambao mahali pengine Kenya ni nadra kuwaona, kama yule turako mkubwa wa buluu ambaye mwenzangu wa boda alimwita "jogoo aliyevaa suti." Mbega nao wapo, weupe na weusi. Ficha ndizi zako hata hivyo, maana kima hawana aibu.

Kuna jambo linachanganya wengi. Isecheno uko upande wa Huduma ya Misitu. Upande wa kaskazini, Buyangu, unasimamiwa na Shirika la Wanyamapori, na ni hifadhi ya taifa tangu 1985. Malango mawili, tiketi mbili. Usilipie moja ukadhani umelipia zote. Viingilio hubadilika, kwa hivyo hakikisha siku unayokwenda. Buyangu nitaufanyia video yake. Huku Isecheno, kilima cha Lirhanda nilipanda nusu nikashuka, mvua ilikuja. Juu kuna shimo la zamani la dhahabu, la enzi zile za miaka ya 1930 wakati Wazungu walifurika Kakamega kutafuta utajiri. Sasa wamo popo.

Na hiyo mvua ipangie. Inapenda kuja alasiri, na inakuja kama inadai deni. Fika asubuhi mapema, saa moja au saa mbili, ukitoka saa saba umekula faida yako yote.

Nani asiende? Mtu anayetaka nyama choma, muziki na bembea za watoto. Mwenye magoti mabovu aombe njia fupi. Mwenye watoto wa miaka sita kwenda juu, nenda nao, lakini mkono kwa mkono karibu na siafu.

Hukumu yangu: bila mwongozaji, kaa Kisumu, ukanunue samaki. Ukiwa naye, nauli imerudi kabla hujafika mugumo. Msikate pesa ya huyo mtu. Ndiye bidhaa mnayonunua.

Mmoja wenu aliniomba muziki upungue kwenye video zangu. Nimekusikia, dada yangu. Hapa mwisho nimeondoa muziki wote. Mama alikuwa ameninyamazisha kwa kidole, akasema hondohondo husikika kabla hajaonekana, mabawa yake yanavuma kama treni ya mizigo. Vaeni vipokea sauti. Hesabuni mpaka kumi na moja.

Huyo.