Chorro de Quevedo, Bogotá: nenda jioni, na uende na koti

Kama uko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, na umebakiwa na jioni moja tu, jioni hiyo iwe ya kiwanja cha Chorro de Quevedo. Mimi nilikwenda Ijumaa, saa kumi na moja. Panda taratibu: mji uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mitaa ya La Candelaria, sehemu ya kale ya mji kilipo kiwanja hiki, ni ya kupanda tu, na baridi huingia mapema.

Kiwanja chenyewe ni kidogo, mawe chini, chemchemi katikati, kikanisa cheupe pembeni. Wenyeji husimulia kwamba hapa ndipo Mhispania Gonzalo Jiménez de Quesada alipouanzisha mji mwaka 1538, katika ardhi ya Wamuisca, wenyeji wa asili wa huku. Quevedo wa jina la kiwanja alikuwa padri aliyewawekea wakazi chemchemi ya maji mwaka 1832.

Kando yake kuna kichochoro, Callejón del Embudo, kinachobana kama faneli, na humo ndimo mlimo na vilabu vya chicha, pombe ya mahindi. Kilabu cha kwanza nilipewa chicha kwenye glasi ya plastiki, sukari tupu, kisha nikatozwa zaidi ya bei iliyoandikwa ukutani. Iliniuma. Cha pili, mama mmoja aliichota kwenye ndoo akanimiminia kwenye totuma, kata ya kibuyu iliyong'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Nzito, ya manjano, uchachu unapanda hadi puani, chenga za mahindi zinabaki ulimini. Aliyewahi kunywa busaa ataijua hapo hapo. Serikali iliipiga marufuku chicha baada ya ghasia za 1948 hapa Bogotá, lakini watu hawakuiacha.

Giza lilipoingia, vijana walikaa chini kwa duara na msimulizi akasimama katikati. Huku huitwa cuentero. Kihispania changu ni cha kuombea maji, lakini alipotupa neno na umati ukamrudishia kwa sauti moja, nilisikia paukwa, pakawa ya bibi yangu. Nilisimama pale saa nzima, miguu imekufa ganzi, sitaki kuondoka.

Simu iweke mfuko wa mbele. Vyoo viko ndani ya vilabu, kwa hiyo nunua kitu kwanza. Na ubaki na sarafu mkononi, maana hadithi ikiisha msimulizi hupitisha kofia.