Kalibu ya Lyman 429421 na mpako wa poda: inafaa kwa mita 200?

Kwa wanaosubu vichwa vya risasi wenyewe na kulenga mbali kwa revolva ya .44 Magnum, ni kalibu chache zinazotajwa kama Lyman 429421. Umbo lake ni la Elmer Keith, mpiga shabaha na mwandishi wa silaha wa Marekani, aliyelichora mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya risasi ya .44 Special; .44 Magnum ilipoingia sokoni mwaka 1956 ikalirithi. Kichwa kinachotoka humo kina pua bapa, ukanda mpana mbele ya mfereji wa kubania ganda, mfereji mmoja wa kilainishi, na kitako bapa kisichovalishwa kikombe cha shaba. Kina uzito wa greni 250 hivi, yaani gramu 16, kutegemea aloi. Umbo hili lilikusudiwa kulainishwa kwa nta. Leo wengi wanaacha nta na kupaka poda ya rangi ya poliesta, ile ile ya kupakia vyuma, na swali ni kama kalibu ya zamani inaukubali mpako huo bila kupoteza shabaha ya mbali. Inaukubali, ila kipenyo kinapaswa kusimamiwa kwa ukali kuliko wakati wa nta.

Mita 200 ndiyo kipimo cha haki. Katika mashindano ya sanamu za chuma ya IHMSA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, sanamu ya kondoo dume husimama umbali huo, na haitoshi kuigusa: lazima ianguke. Kichwa cha greni 250 kikitoka na mwendo wa mita 380 kwa sekunde hushuka chini ya mwendo wa sauti kabla ya mita 100. Revolva iliyolinganishwa kwa mita 50 itakipeleka takriban mita moja na nusu chini ya mstari wa kulenga kikifika 200. Tofauti ya mwendo ya mita 10 tu kwa sekunde kati ya risasi na risasi huzaa tofauti ya kama sentimita 10 juu na chini. Kasoro ambayo mita 25 inaificha kabisa, hapa inaonekana.

Kuhusu kalibu yenyewe sina manung'uniko makubwa. Si ya chuma cha pua, ni ya chuma cha kawaida, kwa hiyo inashika joto vizuri na haijikunji haraka, lakini inashika kutu ikiachwa bila mafuta. Mafuta hayo ya kuhifadhia yasafishwe yote kabla ya kusubu. Mishiko inauzwa kando. Joto la chungu liwe kati ya nyuzi 370 na 400 za Selsiasi, na kalibu ipashwe kwanza. Vichwa vyenye makunyanzi kwa kawaida vina sababu mbili: kalibu bado baridi, au mafuta yamebaki ndani. Vikitoka vyeupe kama vimeota ukungu, kalibu imepata moto mno; kwa anayepaka poda huo si mkosi, maana uso wa namna hiyo unaishika poda vizuri, ilimradi kingo zimejaa. Tatizo la kweli la moto kupita kiasi ni bamba la kukatia, lile la juu ya kalibu linalokata metali iliyozidi kitakoni. Ukilifungua kabla metali haijaganda sawasawa, linanyofoa kipande kwenye kitako na kupaka metali juu ya kalibu. Kitako ndicho sehemu ya mwisho kuachana na mtutu, gesi inakisukuma hadi mwisho, na kikiwa na pengo upande mmoja kichwa kinayumba. Kwa mita 200, kichwa chenye alama puani kinaweza kusamehewa. Chenye kitako kilichonyofoka kirudi chunguni.

Aloi ya Lyman namba 2, yaani asilimia 90 ya madini ya risasi, 5 ya stani na 5 ya antimoni, inajaza kingo vizuri na ina ugumu wa 15 kwa kipimo cha Brinell. Vizani vya magurudumu ya gari vikiongezwa asilimia 2 ya stani vinafaa pia, lakini vichambuliwe kimoja kimoja, kwa kuwa vingine ni zinki. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, hivyo chungu kisichozidi 400 kitaviacha vikielea na utaviondoa kwa kijiko. Ukizidisha moto vinachanganyika na aloi yote haijazi tena kalibu. Tone la maji likizama chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha juu. Miwani, glovu za ngozi, mikono mirefu, hewa inayopita, na hakuna kula hapo.

Upakaji hauhitaji mashine. Vichwa visiguswe kwa mikono yenye mafuta. Weka vichwa hamsini hivi kwenye chombo cha plastiki ya polipropilini pamoja na gololi ndogo za plastiki zinazotumika kwenye bunduki za kuchezea, ongeza kijiko kidogo cha poda, funga, na uzungushe dakika moja au mbili. Umeme tuli ndio unaoshikisha poda. Hewa ikiwa na unyevu mwingi umeme huo unapotea na vichwa vinatoka na mabaka. Kausha poda na vichwa, usiongeze poda. Vitoe kimoja kimoja kwa kibano, kung'uta kidogo, na uvisimamishe kwa kitako juu ya karatasi isiyonata, visigusane. Oveni iwe nyuzi 200 kwa dakika 20, ipimwe kwa kipimajoto cha kando, kwa sababu vitufe vya oveni ndogo havisemi kweli. Oveni hiyo isirudi jikoni tena.

Kujua kama poda imeiva, futa kichwa kimoja kwa kitambaa chenye asetoni. Rangi ikihamia kitambaani, haijaiva. Kingine kigongwe kwa nyundo mpaka kiwe bapa: mpako mzuri unajinyoosha na metali, mbaya unabanduka vipande. Mpako usioiva ndio unaochafua mtutu, kisha lawama zinaangukia poda.

Sasa kipenyo, ambako wengi wanakwama. Tabaka moja la poda linaongeza inchi 0.002 hivi kwenye kipenyo, wakati mwingine 0.003. Kwa kalibu nyingi hilo ni jambo dogo. Kwa 429421 sivyo, kwa sababu ule ukanda mpana wa mbele unabaki nje ya ganda na lazima uingie kwenye chemba ya silinda. Ukinenepa, risasi haizami hadi mwisho, silinda inagoma kuzunguka, na mtu anaanza kukisukuma kichwa ndani zaidi ya mfereji wake. Usifanye hivyo: nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Dawa ni kukipitisha kila kichwa kwenye pete ya kusawazishia kipenyo baada ya kupaka. Kama ulivitumbukiza majini vikitoka ovenini, visawazishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa aloi yenye antimoni inaendelea kuwa ngumu kadiri siku zinavyopita.

Pete ya saizi gani? Iamue silinda. Chukua kichwa kilichopakwa na ukisukume kwa kidole kupitia koo la kila chemba, yaani sehemu yake nyembamba ya mbele, kuanzia mbele, silinda ikiwa tupu na imetolewa. Kinachofaa kinapita kwa kusukumwa kidogo. Kinachodondoka chenyewe ni chembamba. Revolva nyingi za .44 Magnum huangukia kati ya inchi 0.430 na 0.432. Makoo yakiwa madogo kuliko mifuo ya mtutu, yaani mikato ya ndani inayokizungusha kichwa, kichwa kinapunguzwa kabla hakijaingia mtutuni na gesi inapita pembeni. Ubaya kama huo hutokea pale mtutu unapobana kidogo kwenye fremu, mahali ulipokazwa kwa hesi zake. Mpako utazuia metali kujipaka mtutuni katika hali zote mbili, na hapo unadanganya: mtutu unang'aa lakini matundu kwenye shabaha yametawanyika. Kwa nta ungeona metali imejibandika na kujua kuna kasoro.

Mdomo wa ganda upanuliwe kidogo kwa kifaa kinacholingana na vichwa vya kusubu, si vya shaba, la sivyo ganda linakwangua mpako na kukipunguza kichwa kilichokwisha kusawazishwa. Bana ndani ya mfereji, imara lakini bila kukata poda. Kwa baruti, fuata jedwali lililochapishwa la vichwa vya kusubu vya uzito huo, ukianza na kipimo cha chini kabisa. Pima pia uzito wa vichwa kabla ya kupaka: kinachopungua greni 2 au zaidi kuliko wenzake huenda kina tundu la hewa ndani, na hakifai kwa kondoo.

Vilengeo vya kawaida vinatosha. Njia ya Keith ni kuinua kilengeo cha mbele juu ya ukingo wa kile cha nyuma na kuikalisha shabaha juu yake. Vilengeo vyake vya mbele vilikuwa na vistari vya dhahabu vya kupimia. Kama umbali kati ya vilengeo ni sentimita 25, ile mita moja na nusu ni karibu milimita 2 za kilengeo.

Kati ya kalibu ya matundu mawili na ya manne, chukua ya mawili kama lengo ni mita 200. Ya manne ni nzito mkononi, na vichwa vya tundu moja vinaweza kutofautiana kidogo na vya lingine. Ukiwa na mawili ni rahisi kuvitenga tangu vinapodondoka, na kila kundi likapimwa, likapakwa na kupigwa peke yake.