Mathenge uani: kuchimba au kupaka dawa?
Mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa kama gugu (Prosopis), ukiukata juujuu tu, unachipua upya kama umeutia mbolea. Jembe na sururu hugharimu jasho tu, lakini lazima ukate mzizi sentimita 30 hivi chini ya ardhi. Mche ni kazi ya dakika chache. Mti mzee utakuvunja mgongo. Dawa ya magugu, ikipakwa kwenye kisiki kibichi mara tu baada ya kukata, huokoa nguvu, ila ni ya kununua, inataka glavu, na karibu na kisima mimi siigusi. Mwenye miche michache, achimbe. Mwenye visiki vinene mbali na maji, apake. Kwa njia yoyote, kung'oa miche mipya kuko palepale: mbuzi hula maganda yenye mbegu, mbegu hurudi na kinyesi.