Maiki ya waya ya Boya BY-M1 kwenye duka la vitenge Kariakoo: miezi nane ya kuitumia

Habari zenu wadau, hii naandika kwa ajili ya wenye biashara ndogo kama yangu mnaotaka kuanza kurekodi video za bidhaa na mnajiuliza mnunue nini kwanza. Mimi nauza vitenge Kariakoo, duka dogo, niko na mdogo wangu mmoja anayenisaidia, na video zote tunarekodi kwa simu ya Android ya kawaida tu ambayo nilikuwa nayo tangu zamani. Kitu pekee cha maana nilichonunua ni hii maiki, na kwakweli imebadilisha kazi yangu kuliko nilivyotegemea, hata kwa upande ambao hauhusiani na sauti kabisa, nitaeleza.

Kwa wasioijua, BY-M1 ni ile maiki ndogo ya kubana kwenye nguo kama wanayobana watangazaji wa TV, ila hii ni ya waya. Waya una mita 6, mrefu kweli, mwishoni una pini ya 3.5 kama ya earphone. Katikati ya waya kuna kikopo kidogo chenye swichi, na ndani yake inakaa betri moja ya duara, LR44. Unapata na kibanio, sponji ya kuvalisha kichwa cha maiki, na adapta ya pini nene. Mimi nililipa chini ya elfu hamsini.

Kabla ya hapo nilishapoteza hela. Kuna jamaa alikuja kunirekodia video ya duka, na drone alileta, slow motion, muziki mkubwa juu, nikamlipa laki mbili na nusu. Video nzuri kuangalia lakini hakuna mahali inaposemwa bei, wala kitenge ni pamba au siyo, wala tunatuma mikoani au hatutumi, watu wakalike basi, hakuna aliyeagiza. Nikaona bora nijirekodi mwenyewe nikiongea na wateja kama ninavyoongea nao dukani. Nikarekodi kama wiki tatu hivi nikipost kila siku, afu mteja mmoja wa siku nyingi akanitumia voice note, akasema dada video zako nazipenda ila mimi namsikia tu jirani yako anauza mashati, wewe bei hujataja. Bei nilikuwa nimeitaja mara mbili! Nikarudi kuisikiliza ile video kwa earphone nikakuta ni kweli, ile spika ya jirani inayojirudia kutwa nzima imenimeza kabisa.

Watu wengi wanadhani maiki ya kubana inafuta kelele. Haifuti. Hii BY-M1 inachukua sauti ya pande zote, kwahiyo spika ya jirani bado inaingia, honi zinaingia, mkokoteni unaingia. Kinachobadilika ni umbali. Simu ikiwa kwenye stendi mita mbili kutoka kwangu na spika ya jirani iko mita nne, kwa simu sisi wote wawili ni watu wa mbali. Ila maiki ikiwa kifuani, shibiri moja chini ya kidevu, mdomo wangu uko hapohapo na spika bado iko mita nne, sauti yangu inakaa juu na kelele inabaki nyuma kama hali ya sokoni tu, na mimi nimeona hiyo kelele kidogo ya nyuma wateja wanaipenda maana wanajua kweli uko Kariakoo.

Sasa kile nilichosema hakihusiani na sauti. Zamani nikitaka kurekodi nilikuwa naingia ndani kabisa mwisho wa duka nikimbie kelele, na kule hakuna mwanga, kuna tubelight moja ya LED. Vitenge vikawa vinatoka na rangi za ajabu. Kuna mteja wa Mbeya aliagiza doti nane za sare ya send-off, kwenye video kile kitenge kilionekana njano ya yai, mzigo ulipofika kwa basi akafungua akakuta rangi ya haradali, njano iliyokolea ikielekea kahawia. Hakunitukana lakini nilisikia sauti yake ilivyoshuka, mtu ameshachangisha hela za mashoga zake wote. Nilimrudishia na nauli ya mzigo nikalipa mimi.

Baada ya kupata maiki sina tena sababu ya kujificha ndani. Sahivi nasimama mlangoni, uso wangu na kitenge vinatazama nje, simu iko kwenye stendi ikiwa imeupa mgongo mtaa, mwanga wa mchana unaingia wenyewe. Pale mlangoni ndipo penye kelele kuliko sehemu zote za duka na ndipo penye mwanga mzuri kuliko sehemu zote, nisingeweza kupatumia bila maiki. Saa nne asubuhi au saa kumi jioni ndio naona panakuwa pazuri, mchana wa saa saba jua linapiga kule barabarani mpaka nyuma yangu kunakuwa giza. Na kabla ya kurekodi nabonyeza kidole kwenye kitenge pale kwenye kioo, nashikilia mpaka simu ijifunge fokasi na mwanga, la sivyo kila nikigeuza kitenge rangi inapanda na kushuka. Filta siweki tena kwenye bidhaa, kwenye uso wako weka ukipenda ila kitenge kiache kama kilivyo. Ah na futeni lenzi jamani, kwa ncha ya kanga safi tu, simu inashikwa na mikono yenye mafuta kutwa nzima afu mtu anasema kamera yake mbovu.

Kama ni lazima urekodi usiku au ndani chini ya taa za LED na ukaona mistari inapita kwenye video kama mawimbi, siyo simu imekufa. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde na baadhi ya taa zinafuata huo mpigo, simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde kwahiyo haviendani. Ingia kwenye kamera sehemu ya Pro kama simu yako inayo kwa upande wa video, weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inaondoka au inapungua sana.

Turudi kwenye maiki, kuna vitu vya kujifunza na mimi vilinichukua muda. Ile swichi ina pande mbili, ukitumia na simu unaweka upande wa OFF ambao umeandikwa smartphone, na hapo betri haitumiki kabisa. Ule upande mwingine ni wa kamera kubwa, huko ndio inataka betri. Mimi mwanzo niliona OFF nikadhani imezimwa, nikawa naiwasha kila siku, betri ikaisha bure.

Halafu nguo. Hapa naongea na wanawake zaidi. Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa kina ule ugumu wake, ukikivaa na ukabana maiki juu yake kila ukisogeza mkono inasikika kra kra kra kama mtu anakunja karatasi. Mimi siku za kurekodi navaa kitu kilichofuliwa mara nyingi. Mtandio nao ukiachwa ukapita juu ya maiki unaisugua, kwahiyo maiki inabanwa juu ya mtandio, siyo chini yake. Waya unaupitisha ndani ya gauni utokee chini. Bangili vua, mkufu mrefu vua, nilishawahi kurudia video nzima ya dakika tatu kwasababu ya bangili mbili tu.

Pini. Simu nyingi mpya hazina tundu la earphone, utahitaji adapta ya Type-C kwenda 3.5, na hapa kuwa makini kwasababu kuna adapta zinapitisha muziki kwenda sikioni lakini maiki hazisomi kabisa. Unachomeka, unaongea robo saa, kumbe simu ilikuwa inatumia maiki yake yenyewe. Jaribio langu ni rahisi, anza kurekodi afu gusa kichwa cha maiki kwa kucha taratibu, ukisikiliza usiposikia tok tok kubwa, maiki haisomi. Kama adapta ni nzima na kamera ya simu bado haitaki kusikia, shusha Open Camera, ni ya bure kwa Android, kwenye mipangilio ya video kuna sehemu ya kuchagua chanzo cha sauti, chagua maiki ya nje. Mdogo wangu ndiye aliyeligundua hilo.

Kuediti natumia CapCut kwenye simu hiyohiyo. Ni ya ByteDance, walewale wenye TikTok. Toleo la bure linanitosha, ila ujue vitu vingi vya kupendeza ni vya Pro, yaani toleo la kulipia, na unaweza kuvitumia wakati unaediti vizuri tu, unapokuja kusevu ndio inakuambia ulipie, kwahiyo angalia ile alama kabla hujaweka. Na mwisho wa video huwa inajiwekea kipande chenye nembo yake, kiguse, ukifute. Wanaotumia InShot nao wako sawa, nembo yake unaitoa kwa kuangalia tangazo moja. Kwa kazi yetu hii tofauti yake ni ndogo sana.

Kazi yangu ya kuediti ni kukata tu. Nakata ile mwanzo ninavyovuta pumzi na kusema "haya", naanza moja kwa moja na kitenge kikiwa mkononi na bei. Nakata kila nilipokwama. Sasa ukikata katikati ya maneno picha inaruka, kichwa kinahama ghafla, kwahiyo mwisho wa kila kurekodi nachukua klipu tano sita za karibu bila kuongea, pindo la kitenge, mkono unavyokinyoosha, upande wa nyuma watu waone kama rangi imepenya, hizo ndio naziweka juu ya pale palipokatwa na sauti inaendelea chini yake. Mteja haoni mkato na anakiona kitambaa kwa karibu, na kwangu hiyo ndiyo inayouza. Ukiweza kumuonyesha nyuzi mwonyeshe, mtu akiona nyuzi haulizi tena kama ni feki.

Maneno naandika mwenyewe kwa mkono, bei, urefu, na kama tunatuma mikoani, maana wengi wanaangalia wakiwa kwenye daladala bila sauti. Usiyaweke chini kabisa wala pembeni kulia, kule TikTok inaweka vitufe na maelezo yake, maneno yako yatafunikwa. Muziki nauweka chini sana au siuweki kabisa, na akaunti ya biashara TikTok ina maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa, tumia huo, ukichukua wimbo unaotamba unaweza ukakuta video imezimwa sauti na ile bei uliyoitamka imeenda nayo.

Kitu kingine cha wateja wa WhatsApp. Ukituma video kawaida WhatsApp inaibana na maua ya kitenge yanakuwa kama tope. Mteja anayetaka kuona vizuri namtumia kama dokumenti, inafika ilivyo, mpaka GB 2 inakubali japo sisi hatufiki huko. Kurekodi kwa ubora wa 1080 kunatosha, ule mkubwa wa 4K utakula memori na bando lako na mteja ataangalia kwenye kioo kidogo vilevile.

Haimfai kila mtu hii maiki. Kama unatembea tembea kwenye video, unaonyesha nyumba au gari au shamba, waya utakusumbua, tafuta ya wireless. Kama mko wawili mnaohojiana pia siyo, itabidi mmoja asikike mbali. Kwenye upepo, mfano mtu anayeuza samaki ufukweni, ile sponji inasaidia kidogo tu, geuka uupe upepo mgongo. Na mita 6 dukani ni nyingi mno, mimi nimeukunja nikaufunga na kipande cha ukingo wa kitenge, wateja walishajikwaa nao mara mbili kabla sijafanya hivyo.

Lakini kwa mtu anayesimama au kukaa sehemu moja akaongea, fundi cherehani, mama lishe anayefundisha mapishi, mwalimu wa tuisheni, mtu wa vipodozi, nawaambia kwa moyo mweupe nunueni hii kabla ya ring light, ile taa ya duara, na kabla ya kufikiria kamera.

Feki zipo, kwahiyo usinunue kwa kuangalia boksi. Nenda na simu yako na adapta yako, mwambie muuzaji akuchomekee, bana kifuani, rekodi sekunde kumi ukiwa umesimama pale mlangoni kwake penye kelele, siyo ndani. Kisha sikiliza kwa earphone. Kama unasikia mpaka unavyomeza mate kabla ya kutaja bei, lipa uondoke nayo.