Nilivyohama matairi ya bayasi kwenda rediali kwenye pikipiki ya safari

Pikipiki yangu ni ya safari: masanduku matatu, mke wangu nyuma, na mizigo ambayo kila mara naapa nitaipunguza. Ilitoka kiwandani na matairi ya bayasi, na kwa miaka sikugombana nayo. Ubavu wake mgumu, unabeba uzito vizuri tu. Kero yangu ilikuwa joto. Nyuzi za bayasi zimepishana mshazari, tabaka juu ya tabaka, na tairi likizunguka zinasuguana. Baada ya saa mbili za kasi kwenye jua kali, kusogeza kiganja kwenye tairi la nyuma ilikuwa kama kusogelea jiko.

Aina ya pili ya tairi ni rediali: nyuzi zake zinakatiza tairi moja kwa moja kutoka rimu upande huu hadi ule, kisha mkanda unazunguka chini ya kashata, sehemu inayogusa barabara. Ubavu unanesa zaidi na joto hupungua.

Kosa nililofanya: nilibadilisha la nyuma pekee, kwa kuwa la mbele lilikuwa bado na kashata. Fundi akasema hakuna tatizo. Kona ndefu ya kwanza, nikiwa na mzigo kamili, pikipiki ilianza kutikisa mkia, na nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Nyumbani nikafungua kitabu cha pikipiki, ambacho ningekifungua mapema: usichanganye aina mbili isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Wiki hiyo hiyo nikaweka rediali mbele.

Ukinunua, soma namba za saizi ubavuni. 130/90-16, yenye kistari, ni bayasi. 130/90R16 ni rediali. Ukiona B mahali pa R, ni bayasi yenye mkanda. Angalia na namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, isiwe chini ya ile ya kiwandani. Mimi kitabu changu kinaruhusu aina yoyote kati ya hizo mbili, mradi mbele na nyuma zifanane. Cha kwako kikikataa, baki na bayasi bila kinyongo.

Sasa kona inaingia bila kusukumwa. Ila rediali yangu haisamehe upepo ukipungua, mkia unalegea mara moja, kwa hiyo kila asubuhi napima kabla tairi halijapata moto. Na kwenye mwendo wa kutambaa bayasi ilitulia zaidi, hilo nakiri.

Mke wangu, asiyejua bayasi wala rediali, tulipovuka kipande cha lami yenye viraka aliniuliza nimebadilisha shokapu lini.